Mtu wa Mwewe

Tulimwita Baharia, na katika miaka yote niliyomjua sikumwona hata mara moja akipanda chombo cha majini. Aliishi Homa Bay, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na kila asubuhi wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu chini ya nyumba yake walimchokoza.

"Jaduong', mzee wetu, njoo utuonyeshe jinsi vita vinavyopiganwa."

"Maji yenu hayana chumvi," aliwajibu kutoka mlangoni. "Hayo ni ya kupikia uji. Mtu akianguka humo anazama kama kijiko."

Akitaka kwenda Mbita alizunguka kwa barabara, hata wakati wa mvua, na kurudi na tope hadi magotini. Samaki alinunua, akawasafisha vizuri kuliko mama yeyote wa sokoni, kisha akawagawia majirani. Yeye alikula mboga za kunde.

Ndani ya nyumba yake kila kitu kilikuwa kimefungwa. Chupa ya chai ilisimama ndani ya duara la mbao lililopigiliwa misumari mezani. Meza yenyewe ilikuwa na ukingo pande zote, sahani isiteleze. Viti vilifungwa ukutani kwa kamba ya katani, na mgeni alilazimika kufungua fundo kabla ya kukaa. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Siku nyumba itakapoinama utanishukuru." Alioga kwa nusu karai, haraka, kama kwamba kuna watu wamepanga foleni nyuma yake.

Kila Januari alipaka rangi ya kijivu. Alianza na geti lake, akaenda kwenye mlango, tangi la maji, kisha banda la mbuzi la jirani bila kuomba ruhusa. Jirani alilalamika kwa chifu kwamba mbuzi wake sasa wanaonekana kama mali ya serikali. Baharia alimsikiliza hadi mwisho, akachovya brashi, akasema, "Kutu haina likizo, mama." Hilo ndilo neno lake alilolipenda. Alilisema kwa watoto waliochelewa shule, kwa wanasiasa kwenye redio, na mara moja kaburini, badala ya amina.

Hakuwa mtu mwepesi kumwelewa. Kanisani haendi, lakini nyimbo zote anazijua. Hakupenda kelele, ila aliwafokea kuku wake kwa sauti iliyosikika hadi sokoni. Mke wake na watoto waliishi Rongo, naye alikaa peke yake, na hawakuwa wamegombana. "Walizoea barua zangu," aliniambia. "Nilipostaafu nikaja mwenyewe, nikakuta nyumba imejaa. Kila kiti kina mwenyewe. Nikaona nirudi kuwa barua."

Nilimjua nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ya bibi yangu.

Baba yangu alikuwa mwanamaji kwenye meli ya kivita iliyoitwa Mwewe. Alianguka baharini nikiwa sijaanza kutambaa, na mwili haukupatikana. Kwetu, upande wa Uriri, mtu aliyepotelea majini haachwi bila kaburi. Wazee walikata tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu, wakalifunga kwa blanketi, wakalizika mahali ambapo yeye angezikwa, na watu wakalilia kama inavyotakiwa. Mama naye alifariki kabla sijaanza shule. Picha pekee ya baba ililiwa na mchwa. Nikakua na bibi, na kaburi lenye tunda ndani yake.

Bibi alisikia matangani kwamba kuna mtu wa Mwewe amestaafu na kurudi Homa Bay. Akatuma watu wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaja. Alifika Jumamosi, viatu vinang'aa pamoja na vumbi lote lile la njiani, akakataa soda, akaomba maji ya kunywa kwenye kikombe kisichojaa. Bibi akamwingiza ndani na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nje namenya mihogo. Niliimaliza yote, nikafagia maganda, na bado walikuwa ndani. Walipotoka, macho ya bibi yalikuwa mekundu.

"Msalimie," aliniambia. "Huyu ni mtu wa Mwewe. Atakuambia baba yako alikuwaje."

Baharia alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Alikuwa akila ndizi mbivu kwa chumvi," akasema.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kuwa nacho cha baba yangu.

Baada ya hapo nilikwenda kwake kila likizo, na baadaye kila nilipopita Homa Bay, na kila mara aliniongezea. Baba alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu jino la mbele lilivunjikia kwenye ngazi ya meli. Aliimba ndani ya chumba cha injini, vibaya kabisa, hata mkubwa wao mmoja akaagiza aimbe zamu ya alfajiri ili kusiwe na mtu atakayesinzia. Siku ya mawimbi makali alimfunga mpishi kwenye nguzo kwa mshipi wake mwenyewe, ili mkono mmoja ushike sufuria na mwingine ukoroge, na ugali ukaiva. Meli ikitia nanga hakuweza kutulia. Alishuka wa kwanza, akatembea mji mzima hadi soli zikalika, akarudi wa mwisho. Na aliogopa kuku. Mtu mzima, mwenye bunduki, alipanda juu ya kiti kuku akiingia jikoni.

Nilipompelekea bibi habari ya kuku, aliacha kupepeta mahindi.

"Kuku? Huyu alilala na kuku nyumbani mwangu hadi akaota mbawa." Akafikiri kidogo. "Basi bahari ilimbadilisha," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilijijenga kwa hadithi hizo. Nilianza kutia chumvi kwenye ndizi, mwanzoni kwa kujilazimisha. Nikaziba mdomo nikicheka, ingawa meno yangu ni mazima. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa dukani Migori, nikakaa wiki tano, nikaacha, nikafunga marobota ya viatu vya mitumba na kuanza kuzunguka masoko. Leo Ogwedhi kwa wauza ng'ombe, kesho Masara kwa wachimba dhahabu, keshokutwa Kegonga kule juu kwa Wakuria. Mke wangu aliponiuliza kwa nini siwezi kukaa hata wiki mbili mfululizo, nilimjibu kwamba ni damu, ni miguu ya baba. Alivumilia jibu hilo miaka tisa. Halafu akaenda kwao, na mimi sikumfuata, kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo watu wa kwetu walivyo.

Kila Desemba, wanamaji wastaafu wa pande zetu walikutana Migori mjini, kwenye hoteli ya Mwislamu mmoja aliyehamia kutoka Pwani. Aliwapikia mahamri na kuwasahihisha Kiswahili chao bure. Mwaka mmoja nilimsindikiza Baharia. Mezani walikuwepo watu wawili nisiowajua: mzee mfupi kutoka Masara, na binti wa Rongo aliyekuwa likizoni, mwanamaji kamili, mgongo umenyooka kama rula. Wote walikuwa watu wa Mwewe. Nilifurahi. Nilivuta kiti.

"Mwewe yenu ilikuwa karai," Baharia alimwambia mzee wa Masara kabla chai haijafika.

"Karai lilitupeleka na kuturudisha. Yenu ilisukumwa na maombi."

"Yetu ina kiyoyozi," binti akasema.

Wazee wote wawili wakamgeukia.

"Meli yenye kiyoyozi ni lojingi," mzee wa Masara akasema. "Mnalala na soksi?"

"Tunalala na blanketi, mzee."

"Blanketi, baharini," Baharia akamwambia mwenye hoteli. "Ongeza chai ya moto, huyu mtoto anasikia baridi."

Walicheka, nami nikacheka nao, mkono mdomoni. Kisha nikaanza kusikia maneno yenyewe. Yenu. Yetu. Binti alikuwa akieleza kwamba kwenye ukuta wa chumba chao cha kulia kuna picha mbili, ya Mwewe ya kwanza na ya pili, na kwamba mgeni akifika anaambiwa "sisi tumekuwa baharini tangu wakati ule," kana kwamba meli hiyo haikuwahi kufa. Ya kwanza ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Ya pili ilivutwa hadi kwenye kina ikazamishwa kwa mizinga, mazoezi ya kulenga shabaha. Jina lilitolewa likapewa nyingine, na nyingine.

"Siku ile wanaizamisha, mimi nilikuwa shambani," Baharia alisema. "Nikaweka jembe chini. Sijui nilijuaje."

"Ulisikia kwenye redio," mzee wa Masara akasema.

"Nilisikia kwenye redio. Lakini jembe niliweka."

Baharia alipovuka barabara kwenda kununua rangi, nilimwuliza mzee wa Masara alikuwa Mwewe gani.

"Ya kwanza. Yeye alikuja na ya pili. Ya kwanza hakuikuta hata nanga."

Nikamtajia jina la baba yangu. Alifumba macho, akatafuta. Nilimwona akitafuta kwa nia njema.

"Alikuwepo," akasema mwishowe. "Mkimya. Alikaa nasi miezi minne tu kabla ya ile ajali. Miezi minne si kitu, kijana wangu, bado tulikuwa tunachanganya majina ya wale wapya." Akafungua macho. "Alikuwa anakunja nguo zake vizuri. Hilo nalikumbuka."

"Aliimba?"

"Huyo? Sidhani."

Baharia alirudi na kopo lake la rangi. Nilimbebea hadi stendi. Sikusema chochote, na sikusema chochote kwa miaka mingi baadaye. Bibi alikuwa hai. Jioni nikifika nyumbani aliniuliza, "Mtu wa Mwewe amesema nini safari hii?" Nami nilimpa hadithi iliyokuwa mpya, naye alilala vizuri. Wakati mwingine alinirekebisha: "Hapana, mpishi alifungwa kwa mshipi, si kamba." Alizijua kunishinda.

Ningeweza kumchukia Baharia. Nilijaribu. Nilipitisha msimu mzima nikiikwepa Homa Bay. Lakini miguu ilinirudisha, nikamkuta anapaka banda la mbuzi, akanipa brashi ya pili kama kawaida.

Bibi alipofariki, Baharia alikuja kumzika amevaa sare yake, iliyokuwa imebaki kubwa mabegani. Alisimama kando ya lile kaburi la yago muda wote wa ibada, kofia mkononi, na hakuimba. Mwaka uliofuata upande wake wa kulia ukafa. Niliposikia nilikuwa Ogwedhi. Niliacha viatu kwa jirani wa meza yangu nikaenda.

Nilimkuta kitandani, mke wake amekuja kutoka Rongo kumhudumia, akifungua na kufunga mafundo ya viti bila kuuliza maswali. Kitanda nacho Baharia alikuwa amekiwekea ukingo. Mdomo wake ulivutika upande mmoja, ila maneno yalieleweka ukimpa muda.

"Unajua," aliniambia.

"Najua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya mahamri."

Akahesabu miaka. Kisha akanisimulia kilichotokea nyuma ya mlango ule bibi alioufunga.

"Nilimwambia. Usifikiri sikumwambia. Nilisema, mama, hii ni meli nyingine, imepewa jina la ile ya mwanao. Akaniuliza, kwani kwenu hampewi majina? Nikasema tunapewa. Akasema, mtu akifa, akaja kwenye ndoto kudai jina, mtoto akapewa, huyo mtoto tunamwita nani? Nikasema, tunamwita babu. Akasema, basi Mwewe ni Mwewe. Ilidai jina ikapewa. Wewe ni wa Mwewe, na mwanangu ni wa Mwewe, mlikula chungu kimoja. Niambie alikuwaje." Alipumzika. "Nyathina, mwanangu, ningemjibu nini? Na nje kulikuwa na wewe na mihogo yako."

"Hizo hadithi ulizitoa wapi?"

"Sikuzitunga. Mimi siwezi kutunga. Ni za Marwa."

Marwa alikuwa Mkuria wa Kegonga. Miaka sita kitanda chake kilikuwa juu ya kitanda cha Baharia kwenye Mwewe ya pili. Ndizi kwa chumvi zilikuwa za Marwa, na jino, na wimbo wa alfajiri, na mshipi wa mpishi, na kuku. Na miguu isiyotulia ilikuwa ya Marwa. Siku moja walipokuwa wanaifunga meli gatini, kamba nene ilikatika, ikamuua akiwa amesimama pale ambapo Baharia alikuwa amesimama punde tu.

"Nilitoa moja tu, siku ile ya kwanza," alisema. "Ndizi. Nikadhani moja haitaonekana. Lakini mliipokea kwa njia ambayo... Nikatoa nyingine. Kila nilipokupa wewe, ilipungua kwangu. Ilifika mahali nikimwota Marwa, ana uso wa bibi yako."

Nilimpa maji kwa kijiko. Aliyameza kwa shida.

"Wapelekee," akasema. "Kegonga unakwenda kila wiki. Nyumba iko nyuma ya soko, uliza kwa kina Marwa wa nevi. Waambie mambo yao. Mimi sitaweza tena kusema kwa kirefu, na wewe ndiye uliyebaki nazo zote."

"Nikiwapa hizo, mzee, baba yangu anabaki na nini?"

Alifikiri kwa dhati, kama mzee wa Masara alivyotafuta siku ile.

"Sijui," akasema.

Kegonga nilikwenda. Nilipanga viatu vyangu kwenye turubai, nikauza hadi saa sita, nikauliza njia. Nilionyeshwa paa jipya la mabati nyuma ya soko, hatua zisizofika mia mbili. Nilikunja turubai, nikatembea hadi nikaona nguo zilizoanikwa, na mtu fulani ndani anacheka redio ikiongea. Nikageuka. Wiki iliyofuata nilirudi, nikafika hadi kwenye ua wa minyaa, nikageuka tena. Sikuwa na cha kuogopa isipokuwa kwamba nitatoka pale sina hata kuku mmoja.

Niliporudi Homa Bay, Baharia alikuwa amebaki mifupa. Mke wake alikuwa amemgeuza atazame dirishani, yeye akaomba ageuzwe atazame ukuta.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukawaambia?"

Ningeweza kusema bado. Lakini nilimwona jinsi alivyoinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo ikitetemeka, nikasema, "Yote, mzee."

"Mke wake alisema nini?"

Neno la kwanza lilinipa kazi kidogo. Yaliyofuata yalikuja yenyewe. Nilimwambia mke wa Marwa alinikaribisha kwa uji wa wimbi. Kwamba nilipofika kwenye habari ya kuku alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga, akasema, huyo ndiye, huyo ndiye mwenyewe. Kwamba aliniomba nirudie ile ya wimbo. Nikamweleza hata kibanio cha nywele zake. Baharia alisikiliza macho yamefumba, na nusu ya uso wake iliyokuwa hai ikalegea. Nikajiona nimefanya jambo jema.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Umesema vizuri kunishinda."

Nje wavuvi walikuwa wakiitana. Alisubiri wanyamaze.

"Mke wa Marwa tulimzika miaka sita iliyopita. Nilikwenda. Waliniomba nisimame niseme machache juu ya mumewe, mimi ndiye niliyekuwa naye melini. Nikasimama. Kila nililotaka kusema nilikuwa nimeshampa baba yako. Nikasema alikuwa mtu mzuri, nikakaa." Pumzi ilimkatikia, akaivuta tena. "Kuna binti tu. Alikuwa tumboni siku ile ya kamba. Hana hata moja. Wewe umekula miaka yote hii, nyathina. Mwachie mwenzako naye aonje."

Nilisema ndiyo. Aliitikia kwa kidole kimoja, kisha akaomba ageuzwe tena atazame dirishani. Tuliosaidiana kumgeuza ni mimi na mke wake, na alikuwa mwepesi kama nguo.

Alizikwa baada ya siku kumi na mbili, pale pale mteremkoni. Binti wa Rongo alikuja na wenzake watatu wa Mwewe, vijana ambao hawakuwahi kumwona, wakampigia saluti wakimwita mwenzetu. Nami niliombwa niseme machache. Nilisimama.

Siku hizi Jumatatu niko Ogwedhi, Alhamisi Masara, na siku nyingine popote penye watu wenye miguu. Soko la Kegonga nimeacha kwenda, na yule binti bado hana hata moja.